Kampuni za simu zituambie kilichomo ndani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi simu. Maswali mengi yaliyo hapa nimeulizwa na watu waliokaa mbele ya meza yangu wakisubiri gundi ya kioo ishike, na nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale mezani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kampuni itaje kila kifaa kinachoamua simu itafanyaje kazi, itadumu muda gani na itatengenezeka vipi. Na itaje kilichomo kwenye simu uliyoishika wewe, si kwenye ile iliyopelekwa kwa wachambuzi kabla haijaingia sokoni.

Kwani boksi halisemi tayari?

Linasema sana, ila maneno yake mengi hayana nyama. Chukua boksi la simu ya daraja la kati: "RAM 8+8 GB, hifadhi 256 GB, kamera megapikseli 108, betri mAh 5000." Tulisome taratibu.

Kwenye 8+8, nane ya kwanza ndiyo RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu ulizofungua hukaa. Nane ya pili ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa kisaidie RAM ikijaa, na hifadhi, hata iwe nzuri vipi, ni kobe mbele ya RAM. Kipande hicho husaidia kidogo programu za nyuma zisifungwe, sikatai. Lakini mtu anaondoka akiamini amenunua GB 16, na kilichomwaminisha hivyo ni alama ya kujumlisha.

Hizo 256 GB zinakuambia ukubwa wa chumba, hazikuambii upana wa mlango. Hifadhi ya aina ya eMMC 5.1 haivuki megabaiti 400 kwa sekunde, tena hiyo ni kwenye karatasi. UFS 3.1 husoma karibu megabaiti 2,000. Ziweke pamoja simu mbili zenye RAM sawa, moja ina eMMC na nyingine ina UFS: ya kwanza itakuonyesha duara linazunguka wakati ya pili imeshafungua. Maboksi yote mawili yameandikwa 256 GB.

Megapikseli 108 si uongo, ila picha inayotoka kwa kawaida ni ya megapikseli 12, kwa sababu simu huunganisha nukta tisa kuwa moja ili ipate mwanga zaidi. Mbinu nzuri, hasa usiku. Kinachokosekana ni ukubwa wa kihisi chenyewe, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, na hata kinapotajwa hutajwa kwa lugha ya ajabu. Kihisi kinachoitwa cha "inchi 1" kina ulalo wa takriban milimita 16, wakati inchi ni milimita 25.4. Hesabu hiyo ilitoka enzi za kamera za televisheni zenye mirija ya kioo, ambazo zilipimwa kwa kipenyo cha nje cha mrija. Mirija ilishakwenda makumbusho, kipimo chake kikabaki kwenye simu yako.

Betri ya mAh 5000 nayo soma maandishi madogo: mara nyingi hiyo ni ya "kawaida", na iliyothibitishwa iko chini kidogo. Itavumilia kuchajiwa mara ngapi kabla haijachoka? Boksi limenyamaza.

Apple haitaji RAM na simu zake zinaenda vizuri tu. Kwa nini nihangaike na tarakimu?

Hoja hii ina uzito. Kwa miaka mingi kurasa za sifa za iPhone zimekuwa zikitaja saa za kutazama video bila kutaja RAM, na kwa upande wa betri nadhani wako sahihi zaidi kuliko wenzao. Saa za matumizi zinamfaa mnunuzi kuliko mAh, kwa sababu betri kubwa kwenye simu yenye chipu mlafi inaisha kabla ya betri ndogo kwenye simu yenye adabu. Pia GB 6 za mfumo mmoja si sawa na GB 6 za mfumo mwingine.

Lakini angalia kilichotokea. Septemba 2023 watu walinunua iPhone 15. Juni 2024 Apple ikatangaza Apple Intelligence, huduma zake za akili bandia, na iPhone 15 ya kawaida ikaachwa nje wakati iPhone 15 Pro imeingia. Vifaa vyote vilivyoruhusiwa vilikuwa na RAM ya kuanzia GB 8. iPhone 15 ya kawaida ina GB 6, jambo ambalo mnunuzi hakuambiwa na ukurasa wowote wa kampuni siku anatoa pesa yake. Alijulishwa na watu wa nje waliopekua. Simu yake haikuharibika, inapiga na kupokea kama kawaida, ila uamuzi wa kulipia Pro au kutolipia aliufanya gizani.

Simu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na vifaa tofauti ndani?

Ndiyo, na hapa ndipo panaponiuma zaidi.

Mwaka 2015 iPhone 6s zilitoka na chipu ya A9 iliyotengenezwa na viwanda viwili, Samsung na TSMC, kwa teknolojia zisizofanana. Watu wakaanza kupima betri na kubishana nani amepata ipi. Apple ikajibu kuwa katika matumizi halisi tofauti ni asilimia 2 hadi 3. Tuseme ni kweli, ni tofauti ndogo. Basi ingegharimu nini kuitaja?

Mwaka 2017 zamu ilikuwa ya Huawei P10. Wenye simu hiyo walipopima kasi ya hifadhi waligundua baadhi wana UFS 2.1, wengine UFS 2.0, wengine eMMC, na kasi zikapishana zaidi ya mara mbili. Jina moja, bei moja. Mkuu wa kitengo cha simu, Richard Yu, alieleza kuwa chipu za hifadhi zilikuwa adimu sokoni. Maelezo yake ya kwanza yaliwaudhi wateja kuliko hata tatizo lenyewe, ikabidi baadaye aombe radhi.

Samsung imefanya hivyo waziwazi kwa miaka mingi: Galaxy moja, chipu ya Exynos kwa nchi fulani, Snapdragon kwa nyingine. Kwa Galaxy S20 ya mwaka 2020, Ulaya walipewa Exynos 990 na Marekani Snapdragon 865. Hata Korea Kusini, nyumbani kwa Samsung wenyewe, wakapewa Snapdragon. Wanunuzi wa Ulaya walikusanya saini kulalamika. Angalau pale mtu aliyetafuta aliweza kujua chipu ipi inauzwa wapi. Kwenye P10 hukuweza kujua mpaka umeshafungua boksi na kupakua programu ya kupima.

Na hizo ni simu kubwa zilizoandikwa magazetini. Mezani kwangu waliwahi kuja ndugu wawili na simu pacha, zilizonunuliwa siku moja, rangi moja, hata makava yanafanana. Zote zimepasuka kioo, maana zilikuwa kwenye mkoba mmoja uliodondoka. Nikaagiza vioo viwili vya modeli ile. Cha kwanza kikaingia bila shida, nikasafisha, nikafunga, ikawaka. Simu ya pili nikaifungua, nikatoa kioo cha zamani, nikachukua kipya, utepe wake unaishia upande mwingine wa fremu na kichwa chake kina pini nyingi kuliko tundu lililopo kwenye bodi. Nikadhani nimeuziwa kioo feki. Nikageuza maboksi yao nikayalinganisha herufi kwa herufi: msimbo wa modeli ulitofautiana kwa herufi moja mwishoni. Nikaingia kwenye ukurasa wa kampuni kutafuta herufi ile inamaanisha nini. Haipo. Yule dada wa pili alikaa wiki tatu na simu ya vitufe, na kila alipopita aliniangalia kama mimi ndiye niliyemfanyia hivyo.

Lakini hizo si siri za biashara?

Siri dhidi ya nani? Simu mpya ikitoka, washindani huinunua siku hiyohiyo, wakaifungua, wakaipiga eksirei, wakakata chipu wakaitazama kwa hadubini. Tovuti ya iFixit huifungua mbele ya ulimwengu mzima, picha kwa picha. China, simu inayoombewa kibali cha kutumia mtandao huandikishwa kwenye taasisi iitwayo TENAA, na vipimo vyake huonekana hadharani, mara nyingi pamoja na uwezo wa betri, wiki kadhaa kabla ya uzinduzi. Marekani, tume ya mawasiliano ya FCC hupokea picha za ndani ya simu, na kampuni huruhusiwa kuomba picha hizo zifichwe kwa muda tu. Kwa hiyo mshindani anajua, mamlaka inajua, mwandishi wa habari anajua. Asiyejua ni yule anayelipa.

Niseme pia nisichodai. Kutaja kifaa ni tofauti na kutoa mchoro wa saketi. FCC hukubali michoro ibaki siri moja kwa moja, na naelewa kwa nini: pale ndipo ubunifu wa wahandisi ulipo. Ningeipenda michoro hiyo, mafundi tunaishi kwa nakala zilizovuja, lakini mnunuzi haihitaji ili aamue. Wapo waliojitolea hata hivyo. Watengenezaji wa PinePhone na wa Librem 5 wameichapisha michoro ya simu zao ipakuliwe na yeyote. Ni simu chache, za wapenzi wa kompyuta, sitazitumia kuwapigia fimbo wakubwa.

Mtu wa kawaida ataelewa nini kwenye orodha ndefu ya vifaa?

Pengine hakuna. Karatasi ya ndani ya boksi la dawa nayo wengi huitupa, ila mwenye mzio huisoma neno kwa neno. Mtu wa kawaida ana mpwa, ana fundi, ana rafiki anayefuatilia mambo haya. Hao wakiweza kusoma, naye atapata jibu. Sasa hivi hata sisi tunakisia.

Kuna nchi iliyoweka sheria?

Ufaransa ilianza Januari 2021 kulazimisha simu kuuzwa na alama ya kutengenezeka, kuanzia 0 hadi 10. Alama hiyo iliangalia mambo kama urahisi wa kufungua, upatikanaji wa vipuri na bei yake.

Umoja wa Ulaya ukaenda mbele zaidi. Tangu tarehe 20 Juni 2025 kila simu mpya inayoingia soko lao lazima iwe na lebo inayoonyesha saa inazokaa na chaji moja, idadi ya mizunguko ya kuchaji ambayo betri itahimili, daraja la kustahimili kuanguka, daraja la kutengenezeka, na kinga dhidi ya vumbi na maji. Lebo ina msimbo wa kuskani unaokupeleka kwenye hifadhidata ya umma iitwayo EPREL. Kanuni zilizoanza siku hiyohiyo zinataka betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 800, na vipuri muhimu viendelee kupatikana kwa miaka 7 tangu modeli iondoke sokoni.

Naipenda lebo hii kwa sababu inauliza maswali ninayoulizwa mimi. Itakaa na chaji? Ikianguka? Itatengenezeka? Haikukimbilia megapikseli. Lakini tatizo la wale ndugu wawili haliligusi: aina ya hifadhi haimo kwenye lebo, wala kioo kimetoka kiwanda kipi.

Kampuni zimewahi kuadhibiwa kwa kunyamaza?

Zimewahi, ingawa mara nyingi kwa kilichofanywa baada ya simu kuuzwa. Kubwa ni ile ya betri za iPhone. Mwaka 2017 sasisho la iOS, mfumo unaoendesha iPhone, lilianza kupunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Kiufundi sababu ilikuwa na maana, betri iliyozeeka haiwezi kutoa umeme mwingi kwa mpigo. Ila watumiaji hawakuelezwa, wakaanza kununua simu mpya wakati walichohitaji ni betri. Apple ilikiri Desemba 2017, baada ya vipimo vilivyochapishwa na mwanzilishi wa Geekbench, programu ya kupima kasi ya simu, kuonyesha kasi imeporomoka. Februari 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25, na Marekani kesi ya pamoja ikamalizwa kwa makubaliano ya hadi dola milioni 500.

Kuhusu matangazo ya simu kuhimili maji, Italia iliitoza Apple euro milioni 10 mwaka 2020, na Australia ikaitoza Samsung dola za Australia milioni 14 mwaka 2022. Hapa nikuonye: IP68 maana yake simu ilizamishwa kwa kina na muda ambao kampuni yenyewe imeupanga, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, ikiwa mpya. Haisemi lolote kuhusu bahari, bwawa lenye klorini, au simu iliyoanguka mara tatu ikaachia gundi pembeni. Na waranti nyingi hazigusi simu iliyoingia maji.

Alama za vipimo vya kasi je, niziamini?

Kwa tahadhari. Galaxy S4 ya mwaka 2013 ilikamatwa ikiongeza kasi inapotambua kuwa inapimwa. Mwaka 2022 kukawa na kinyume chake: programu ya Samsung iitwayo GOS ilikuwa ikipunguza kasi ya programu nyingi za kawaida lakini si ya zile za kupima. Geekbench wakaziondoa Galaxy S22 na matoleo kadhaa yaliyotangulia kwenye orodha yao.

Tundu likiwa la USB-C si yote ni sawa?

Umbo ndilo sawa. iPhone 15 na iPhone 15 Pro zote zina tundu la USB-C, lakini ya kwanza huhamisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde, kasi ya USB 2.0 iliyotangazwa mwaka 2000, na ya pili hufika gigabiti 10. Ukihamisha video nyingi utaijua tofauti. Ukichaji tu, usijali.

Kwa nini simu ya bei kubwa inashika 4G nchi moja na kusuasua nchi nyingine?

Kwa sababu ya masafa. Kila mtandao hurusha 4G na 5G kwenye masafa yake, na modeli ya eneo moja huweza kukosa masafa ya eneo jingine ingawa jina la mbele ni lilelile. Hii ni taarifa ambayo kampuni nyingi hutoa kweli, ila wanaizika chini kabisa, kwa msimbo wa modeli. Kabla ya kununua simu kutoka nje, tafuta msimbo huo, si jina, ulinganishe na masafa ya mtandao unaotumia. Uhakikishe pia kuwa mtandao wako unaipa modeli hiyo simu za sauti kupitia 4G. Kama haiipi, kila ukipiga itashuka kwenda 2G au 3G, na pale ambapo mitandao hiyo ya zamani imezimwa hutapiga kabisa.

Kutaja vifaa vyote si kutaongeza gharama?

Orodha ipo tayari. Hakuna kiwanda kinachounganisha simu bila karatasi inayotaja kila kipande hadi skrubu, na kila simu ina namba yake ya pekee ya kiwandani (serial number) inayoonyesha ilitoka kundi gani. Kinachohitajika ni ukurasa ambapo ninaingiza namba hiyo na kuona: kioo aina hii, hifadhi aina hii, modemu hii, betri hii. Kampuni ikibadilisha muuzaji wa vioo katikati ya mwaka, sawa, biashara ni biashara. Ibadilishe na ukurasa.

Kwa sasa nitajuaje kilichomo kwenye simu yangu?

Fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya kuhusu simu, uandike msimbo wa modeli wote pamoja na herufi za mwisho. Kwa Android, programu ya CPU-Z itakuonyesha chipu na RAM. Kwa hifadhi tumia programu ya kupima kasi ya kusoma na kuandika: ukiona kusoma kuko chini ya megabaiti 350 kwa sekunde, kuna uwezekano mkubwa hiyo ni eMMC.

Simu feki ni habari nyingine. Zile zimechezewa mfumo, kwa hiyo programu itakuambia uongo uleule ulioandikwa kwenye boksi. Dawa yake ni kazi, si maswali: jaza hifadhi kwa video halisi mpaka ikaribie ukubwa uliotajwa, kisha fungua ya kwanza na ya mwisho uone kama zinacheza. Niliwahi kuletewa "256 GB" iliyokwama kwenye faili la 27.

Na simu iliyotumika?

Hapo hata kampuni ikitaja kila kitu cha kiwandani, mikono iliyopita katikati haijatajwa. iPhone tangu iOS 15.2 huonyesha kwenye mipangilio kama betri, kioo au kamera imebadilishwa, na kama ni ya kampuni. Anza hapo. Kwa nyingine nyingi, mwombe muuzaji akuruhusu uipeleke kwa fundi aifungue mbele yako. Akikataa, mrudishie simu yake. Na ukija kwangu, njoo na boksi lake kama lipo, hasa ule upande wenye msimbo.